Kilomita Elfu Hamsini

Broka alinipigia simu saa nne usiku, saa ambayo watu wa heshima hawauzi magari. Akasema amepata mteja wa ile Subaru ya marehemu mjomba, milioni moja, pesa iko mkononi. Ila kuna sharti.

"Isipite elfu hamsini, bro. Huyu anataka maileji inayoanza na nne."

Nikamuuliza kama gari likipita hapo kwa kilomita moja huwa limegeuka gari lingine. Akacheka. "Si mimi, ni soko. Ikisoma elfu hamsini, toa elfu sabini kwa bei."

Nilikuwa nimelala kwa Anti, mke wa marehemu, huko Ruiru. Nikatoka nje na tochi ya simu, nikainua kava, nikaingia, nikawasha swichi. Dashibodi ikaniambia 49,921. Zilibaki kilomita 79. Ukitoka Ruiru uende tauni, urudi, kisha uende tena, umekaribia kuzimaliza zote. Mjomba alikuwa amezilinda kwa karibu miaka kumi.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Na Ijumaa Kuu, tangu mwezi uliotangulia, nilikuwa nimemwahidi Anti kumpeleka Naivasha kutazama Safari Rally, kwa gari hilo hilo.

Wacha niwaeleze mjomba alikuwa mtu gani, maana ukisikia Impreza WRX unaweza kudhani alikuwa wale vijana wa kupiga kelele za egzosi Thika Road saa tisa usiku. Mjomba alikuwa mwalimu wa hesabu. Shati la mikono mirefu, kalamu mbili mfukoni. Lakini mwaka wa 1997, akiwa mwalimu mchanga, alisimama kando ya barabara ya vumbi akamwona Colin McRae akipita na Impreza ya buluu, Safari ambayo McRae aliishinda. Sijui mwili wa mwanadamu hufanyiwa nini na kitu kama hicho. Ninachojua ni kwamba tangu nikiwa mdogo nilisimuliwa habari za Subaru kama watoto wengine wanavyosimuliwa za sungura na fisi. Alipenda hasa ile ya 1993, ambapo Patrick Njiru alifika mwisho wa Safari na Subaru Vivio, kigari cha injini ya sisi 660 hivi, ilhali McRae mwenyewe, akiwa na Vivio kama hiyo, hakumaliza. "Mkenya alimaliza," angesema, akiinua kidole, kama anayefunga mlango wa hoja.

Basi mwaka wa 2013 alichukua mkopo wa sacco, akaongeza na akiba yake, akanunua WRX ya 2006 kutoka Japani kwa milioni moja, laki tano na nusu. Hapa kwetu gari kuukuu haliruhusiwi kuingia likiwa limezidi miaka minane, kwa hiyo lilikuwa bado na mwaka mmoja wa kupumua. Injini ya lita mbili, turbo, gia tano za mkono. Dashibodi ilisoma kilomita 31,000, na mjomba, mwalimu wa hesabu, aliiamini hiyo namba kama alivyoamini Pythagoras.

Halafu hakuliendesha.

Si kwamba hakuliendesha kabisa. Kanisani, ndiyo, kama hakuna mvua. Harusi. Krismasi kwenda Murang'a, pole pole, akiyaingia matuta kwa mshazari kama mtu anayebeba mayai. Viti vilibaki na nailoni zilizotoka nazo Japani, na ukikaa humo mchana wa Januari, mapaja yanashikana na kiti mpaka uondoke kwa kelele za aibu. Siku zingine zote lilikaa chini ya kava. Yeye mwenyewe alipanda matatu kwenda shule. Na Anti, ambaye alikuwa na kibanda cha mitumba, aliamka saa kumi alfajiri kwenda Gikomba, akarudi na gunia la nguo mgongoni kutoka steji mpaka nyumbani, akilipita gari lenye buti tupu.

Hiyo picha ya mwisho ndiyo imenifanya niandike haya.

Kabla hujamcheka mjomba, angalia nyumbani kwenu. Kuna kabati la vioo lenye vikombe ambavyo havijawahi kuonja chai, vinangoja mgeni ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Kuna rimoti iliyofungwa nailoni hadi vitufe havisomeki. Simu yako ya bei imevalishwa kava zito linaloficha ile rangi uliyoilipia zaidi. Tumelelewa hivyo, na si kwa ujinga. Mtu aliyenunua kitu kimoja kizuri katika miaka kumi hana nafasi ya pili. Tajiri akigonga gari, ana bima na ana gari lingine. Mwalimu akigonga, amegonga miaka sita ya mkopo. Kwa hiyo ninaposikia watu wa mitandaoni wakisema "maisha ni mafupi, endesha", huwa nataka kwanza kuona payslipu zao.

Aristotle, kwenye kitabu chake cha siasa, alitumia mfano wa kiatu. Kiatu, alisema, kina matumizi mawili: unaweza kukivaa, na unaweza kukibadilishana kwa kitu kingine. Yote mawili ni matumizi ya kiatu kweli, lakini la pili silo lililofanya kiatu kitengenezwe. Hakuna fundi aliyekaa chini na ngozi na uzi akisema, wacha nitengeneze kitu cha kuuza tena. Alikuwa na mguu akilini.

Nikiwa chuo nilidhani huo ni mchezo wa maneno. Siku hizi nauona kila ninapoingia kwenye yadi ya magari. Sikiliza Wanairobi wakinunua gari. Swali la kwanza si "linakwendaje?" Swali ni "resale yake iko aje?" Rangi nyeupe kwa sababu nyeupe inauzika. Toyota kwa sababu Toyota inauzika. Tunanunua gari la mtu mwingine, mtu tusiyemjua atakayelinunua baada ya miaka mitano, na katikati tunaliendesha kwa niaba yake, tukiogopa kumkasirisha. Mjomba alikuwa amemlipia huyo mgeni milioni moja na nusu, akamtunzia na viti.

Najua atakayesema: mbona matajiri wanafanya hivyo hivyo na wanapata faida? Wanafanya. McLaren F1 zilitengenezwa 106 tu kwa jumla, pamoja na zile za mashindano. Mwaka wa 2021 moja iliyokuwa imetembea chini ya kilomita 400 maisha yake yote iliuzwa kwenye mnada Marekani kwa zaidi ya dola milioni 20. Chini ya kilomita 400! Hiyo ukitoka Nairobi hata Mariakani hujafika, kwa miaka zaidi ya ishirini. Na kuna mwenzake wa kabila lile lile la gari, Rowan Atkinson, yule yule Mr Bean. Alinunua yake mwaka wa 1997 na akaiendesha kama gari. Akaigonga mara mbili, mwaka wa 1999 na tena 2011, hiyo ya pili ikawa mbaya hadi bima ikalipa pauni laki tisa na zaidi kuitengeneza. Alipoiuza mwaka wa 2015 ilikuwa na maili kama 41,000, na ikaripotiwa kwenda kwa pauni milioni 8, mara nyingi zaidi ya alivyoinunua.

Watu hupenda hadithi hiyo ya Mr Bean, nami niliipenda kwa muda mrefu, nikiitumia kuwashinda watu kwenye mabishano. Unaona? Aliendesha na bado akapata! Mpaka siku moja nikagundua ni mtego. Ukisema alifanya vizuri kuliendesha kwa sababu bei haikuanguka, bado umemfanya broka kuwa hakimu. Je, bei ingeanguka, angekuwa amekosea? Kama jibu ni ndiyo, basi hatujatoka yadi. Kama jibu ni hapana, basi zile pauni milioni 8 hazina kazi kwenye hoja, tuziache. Na pia tukumbuke kwamba WRX si McLaren. Ziko nyingi, na thamani yake inashuka ukiiendesha na inashuka ukiifunika. Unachoweza kuchagua ni kama itashuka ukiwa ndani yake au ukiwa steji.

Mjomba angeielewa hesabu hii, ndiyo maana inaniuma. Gari lilinunuliwa kwa 1,550,000. Tuseme limeuzwa kwa 930,000. Zimepotea 620,000. Yeye na sisi tulilitembeza kilomita 18,921 tu mpaka usiku ule wa simu ya broka. Gawanya: karibu shilingi 33 kwa kila kilomita, kabla hujaweka hata tone la petroli. Sasa tuseme angeliendesha kama watu, kilomita 15,000 kwa mwaka, miaka kumi, likachoka, likauzwa kwa 650,000. Amepoteza 900,000, lakini amegawanya kwa kilomita 150,000. Shilingi sita. Mafuta na spea zingekula zaidi, sikatai. Lakini kila safari aliyoikataa ilikuwa inazifanya zile chache alizokwenda kuwa ghali zaidi. Kwenda kanisani ilikuwa safari ya kifahari kuliko alivyojua.

Na kutunza kwenyewe hakukuwa bure. Waswahili husema akiba haiozi. Sijui waliosema hivyo walikuwa na akiba gani, kwa sababu raba huoza. Mjomba alifariki Novemba 2022, na mpaka korti itoe barua za mirathi, gari lilikaa zaidi ya mwaka bila kuwashwa. Nilipomleta makanika mapema 2024, alizunguka akinionyesha kama daktari anayemwonyesha mwanafunzi maiti. Betri imekufa. Petroli kwenye tangi imechacha, inanuka kama vanishi. Diski za breki zina kutu. Panya wamejenga chini ya boneti na kutafuna waya mbili. Akainama, akasugua tairi kwa kidole hadi tarakimu nne zikaonekana: 1712. Wiki ya 17, mwaka wa 2012. "Hii tairi ina meno yote," akasema, "lakini ni mzee. Angalia nyufa." Na mkanda wa taimingi, je? Kilomita bado kabisa. Lakini mkanda hauhesabu kilomita pekee, unahesabu miaka pia, na kwenye injini kama hiyo ukikatika ukiwa unaendesha, vali na pistoni hukutana na hadithi inaishia hapo.

Tairi nne, betri, mkanda, maji ya breki, kusafisha tangi. Zaidi ya elfu tisini. Hiyo ni kubwa kuliko zile elfu sabini alizotishia broka. Yaani gari ambalo halikutembea lilihitaji fundi kwa sababu halikutembea.

Kuna sehemu ya hii habari ambayo nilitaka kuiruka.

Mjomba aliugua miezi saba. Hospitali, sindano, vipimo vya kurudiwa. Tulifungua kikundi cha WhatsApp, tukachanga kwa M-Pesa, wengine elfu moja, wengine mia mbili. Mwezi wa tano binamu yangu mkubwa akasema kile ambacho wote tulikuwa tunakifikiria: liuzwe gari. Mjomba, akiwa amelala pale kitandani, akageuza uso ukutani. Anti akasema yaishe. Alimpeleka kliniki kwa teksi, mara mbili kwa wiki, na kwenye geti la nyumbani teksi ililazimika kujibana kando ya Impreza iliyofunikwa.

Hapo ndipo kiatu cha Aristotle kinanibana. Ningeelewa kama mjomba angekuwa mtu wa bei. Mtu wa bei anauza bei ikihitajika; ndiyo maana ya akiba. Lakini hakulitumia kama gari na hakulitumia kama pesa. Hakuvaa kiatu wala hakukibadilishana. Alikuwa anatunza nini, basi?

Nadhani ninajua, kwa sababu nilimwona. Ilikuwa jioni moja, 2018 au 2019, nimetumwa kuleta unga. Nikapita uani, nikaona kava limekunjwa hadi nusu, na mjomba amekaa kiti cha dereva, mlango wazi, mguu mmoja nje, redio inacheza kwa sauti ya chini. Injini haikuwa imewashwa. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya gia. Hakuniona. Uso wake ulikuwa wa mtu aliye mbali, mahali penye vumbi.

Kwa muda mrefu nilisema mjomba hakuwahi kulitumia gari lake. Siku hizi sisemi hivyo kwa urahisi. Alilitumia, ila kwa namna ambayo ingeharibika mara tu angegeuza ufunguo. Aliyeko barabarani ni mwalimu wa miaka hamsini na kitu aliyekwama kwenye foleni ya Githurai. Aliyekaa uani anaweza bado kuwa lolote. Ukiendesha kitu, unajua mwisho wake uko wapi: linakwenda hivi, linakunywa mafuta hivi, na wewe kumbe si McRae. Ukikifunika, hakuna kinachoamuliwa. Nadhani wengi wetu tuna kitu kama hicho. Cheti ambacho hatujakitumia kuomba kazi. Gitaa. Riwaya iliyoko kwenye folda inayoitwa "mwisho kabisa".

Na siwezi kusema hiyo si haki yake. Mtu ana ruhusa ya kuota. Ninachoshindwa nacho ni Anti na lile gunia. Ndoto ya mjomba haikumgharimu mjomba peke yake. Kila asubuhi saa kumi kuna mtu mwingine aliyekuwa akiilipia kwa mgongo, na hakuna aliyemuuliza. Swali la "nilitunze au niliendeshe" huwa tunaliuliza kana kwamba kuna mtu mmoja na gari moja. Nyumbani hakuna mtu mmoja. Ukiwa na gari chini ya kava na mkeo yuko steji kwenye mvua, hutunzi thamani, unaihamisha tu kutoka kwake kwenda kwa gari.

Basi tukafika Jumatano, nikamweleza Anti kuhusu simu ya broka. Tulikuwa jikoni. Nikamwambia tunaweza kwenda Naivasha kwa matatu, au nikope gari la rafiki, gari libaki na 49 yake, wiki ijayo achukue milioni. Nikamwambia pia, kwa sababu aliuliza na sipendi kumficha kitu, kwamba broka ametaja njia nyingine: twende tukitaka, halafu kuna kijana tauni mwenye laptopu anarudisha namba kwa elfu tano. Dakika ishirini.

"Anarudisha zile kilomita?" Anti akauliza.

"Anarudisha namba, Anti."

"Na zile kilomita zinaenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikakumbuka pia kwamba ile 31,000 ya mwaka wa 2013 hatukuwahi kujua imetoka wapi. Kurudisha maileji ni ugonjwa wa zamani kwenye biashara ya magari kuukuu, na mjomba hakuwahi kuonyeshwa karatasi yoyote ya mnada. Yawezekana kabisa alitunza miaka yote hiyo namba ambayo kijana fulani aliibuni kwa dakika ishirini.

Anti akaendelea kukata sukuma. "Huyo mtu wako kila mwaka aliniambia tutaenda," akasema. "Tangu ilivyorudi hiyo Safari, 2021. Kila mwaka. Tutaenda na Subaru. Mimi sitaki kwenda Naivasha na matatu, kijana wangu. Naivasha na matatu nimeenda."

Binamu mkubwa hakufurahi, na hoja yake si ya kupuuzwa. Elfu sabini ni karo ya muhula ya dada yake mdogo na chenji inabaki. Alisema Anti anatumia karo kwa matembezi ya siku moja, na kwamba mimi, nisiye na mtoto wala deni, ni rahisi kwangu kumshangilia. Nilimwambia gari ni la mama yake. Akasema ndiyo, na karo pia ni ya mama yake. Bado tunalibishana hilo.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Kitu cha kwanza Anti alichofanya ni kung'oa nailoni ya kiti chake. Alianza kwenye mshono, ikagoma, akatoa kisu kidogo kwenye mkoba, akaikata kama anayechuna mbuzi. Tukachukua bypass hadi Ruaka, kisha Western Bypass, tukatokea Gitaru. Ukungu Limuru kama kawaida.

Niseme ukweli kuhusu kuendesha kwa nguvu, kwa sababu najua kuna msomaji anayengoja. Baada ya Limuru kuna kipande kimepanda, barabara ilikuwa wazi, injini imeshapata joto, nikaingiza gia ya tatu nikakanyaga. Turbo ya gari hilo haikuji polepole. Kuna sekunde ya kungoja, kisha kitu kinakusukuma mgongoni. Anti akashika mkono wa juu ya mlango akasema "Haki!" na akacheka kicheko ambacho sijawahi kumsikia nacho. Kilidumu labda sekunde tano. Mbele kulikuwa na lori la kabeji na kando yake mtoto na punda, nikaachia.

Hizo sekunde tano zilitosha, na hilo lilinishangaza. Nilikuwa nimedhani kulitendea haki gari la namna hiyo ni kulifikisha mwisho wake. Lakini mwisho wake haupo kwenye barabara ya watu. Wale wa rally hufungiwa barabara, wana helmeti, wana helikopta juu yao. Huyo mtoto wa punda hakutia sahihi popote. Vijana wanaosema "gari limetengenezwa kwa hii" wana haki nusu. Gari limetengenezwa kwa hiyo, ila barabara ya Nakuru haijatengenezwa. Mjomba alimfanya Anti alipie ndoto yake. Nikikimbiza mita mia mbili zaidi, namfanya mtoto wa mtu alipie yangu.

Ilipita karibu na Kimende. Nilikuwa nimepunguza mwendo ili Anti aione. 49,999, kisha namba zote tano zikabadilika kwa pamoja. Nikadhani atalia, au atasema kitu kuhusu mjomba. Akaangalia dashibodi, akaangalia dirishani, akasema tukirudi tusimame Soko Mjinga, karoti za huko ni bei nzuri na leo kuna buti.

Naivasha ilikuwa vumbi, nyama choma na watu wengi kuliko choo. Tuliona magari labda dakika kumi na tano kwa jumla. Yule kijana wa Ufini, Rovanperä, aliyekuja kushinda Jumapili, alipita mbele yetu kwa muda wa kupiga chafya. Anti alisimama kwenye kifusi, leso kiunoni, mkono juu ya macho. Kando yetu kulikuwa na mzee mwenye kofia akimsimulia mjukuu kuhusu Joginder Singh, jinsi alivyoshinda Safari ya 1965 na kaka yake Jaswant kwa Volvo iliyokuwa imetumika tayari, gari ambalo kiwanda kilikuwa kimelitumia kwenye mashindano likabaki huku. Kuukuu! Mzee alilisema neno hilo kwa fahari. Nilitamani mjomba angekuwepo kubishana naye kuhusu Njiru.

Tulirudi na gunia la karoti, mawili ya viazi na kabeji kumi na mbili. Buti ya Impreza si kubwa hivyo. Kabeji nyingine zilikaa kiti cha nyuma, zimefungwa mkanda.

Mteja alikuja Jumamosi iliyofuata. Kijana wa umri wangu, mfanyakazi wa benki, nadhifu. Aliona 50,118 akanyamaza kidogo. Broka akaniangalia kama niliyemwibia mtoto. Tukakubaliana 930,000, kama ilivyotabiriwa. Kabla hajalipa, kijana akamuuliza Anti gari lilikuwa likiendeshwa vipi, na Anti akamjibu lilikuwa la mwalimu. Kijana akatabasamu, akafurahi. Kwa lugha ya yadi hilo ni jibu zuri kuliko yote. Akasema ataling'arisha, atalitafutia nailoni mpya ya kile kiti.

Alipotoka getini alipanda tuta kwa mshazari.

Binamu bado huzitaja zile elfu sabini kila tukikutana, na muhula ule karo ililipwa kwa awamu mbili. Kava lilibaki. Ni la nguvu, turubai ya kweli. Anti alilikata katikati. Nusu moja imefunika kuni, na nyingine huibeba Gikomba kwa ajili ya mvua.